Kichwa cha Yuka ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe kasafiri. Nyumba yangu! Yaani, si yangu kabisa. Mimi na mke wangu tunakaa chumba cha nyuma, joto kama tanuri. Chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa, kajimilikisha shemeji, mdogo wake mke wangu.

Kabla ya kuondoka mzee alinipeleka uani kwenye mmea wake, pale penye mchanga mkavu. Akasema hii ni yuka, si mkonge kama shemeji anavyodhani. Mkonge una majani manene yenye mwiba mkali nchani. Majani ya yuka yake ni membamba, hayachomi. Tena haitaki maji. Aliipanda yeye na marehemu mkewe. Akirudi akaikuta imekufa, tukatafute pa kuishi.

Haitaki maji! Mzee wa watu. Nitaifanya ichanue kabla hajarudi, na chumba cha mbele nitapewa mimi.

Jumatano, 12 Machi

Ndoo mbili asubuhi, mbili jioni, na samadi ya kutosha. Shemeji, mchora mabango, kapita na makopo yake ya rangi akauliza kama nafuga samaki. Wivu tu huo.

Jumamosi, 15 Machi

Majani yamegeuka manjano. Kiu hiyo. Nimeongeza maji.

Jumapili, 16 Machi

Balaa! Kichwa kizima cha majani kimelegea, kinanuka. Mke wangu kamlilia mama yake, kisha kanigombeza, kisha kaanza kukunja nguo zetu. Nikashika msumeno, nikakikata kichwa, nikakitupa jalalani. Kimebaki kigogo kitupu kama mguu wa meza. Naogopa kweli. Chakula cha jioni nimekiacha.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata akili! Nimekata majani ya mkonge kwenye ua wa barabarani, nikayachonga yawe membamba, nikayafunga kwa waya kuzunguka kigogo, nikayapaka rangi ya kijani ya shemeji. Ukisimama mbali kidogo na kufumba jicho moja, ni yuka yenyewe. Ila rangi hii ikilowa inachuruzika. Kwa hiyo maji basi, hata tone.

Jumapili, 6 Aprili

Mzee karudi. Shemeji alishagundua kopo lake ni tupu; hata mizigo haijashushwa, kamwambia Baba akaushike mti wake. Mzee akaushika. Mwiba! Akanyonya kidole, akasema taratibu kwamba yuka yake haijawahi kumchoma, akaanza kufungua waya. Shemeji anatabasamu. Mimi nilikuwa nawaza masufuria tutayabebaje.

Waya ukaanguka. Ubavuni mwa kigogo, machipukizi matatu! Kijani kisichotoka koponi!

Mzee kayagusa, kashika na mchanga, mkavu kabisa. Kisha kacheka mpaka kakohoa. Kasema miaka yote alitaka kuikata ili itoe vichwa vingi, lakini akimkumbuka mkewe mkono unakataa. Kauliza nilijuaje kuikata halafu kuinyima maji. Nikasema ni uzoefu, Baba.

Nilikaa chini palepale mchangani. Raha gani hii! Mke wangu kazirudisha nguo zetu kabatini huku anaimba. Chumba cha mbele bado cha shemeji, lakini leo nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 7 Aprili

Sifa zangu zimesambaa. Shangazi yake mke wangu kaniita. Ana mtende mmoja uani, anaupenda kama mtoto, na umedumaa. Anatafuta mtaalamu. Na ana chumba kitupu chenye madirisha mawili!

Nimemwambia Baba. Kashtuka. Kasema mtende si yuka. Una kichwa kimoja tu, ukikikata umeua mti. Namwelewa mzee. Keshatuzoea, hataki tuhame.

Msumeno nimeshaunoa. Shangazi kasema ndoo zipo.