Wana wa Marehemu Mangeni

Kevo alivuka mpaka hadi Masaba, Uganda, kuuza dawa ya kuku, dawa ambayo kuku wenyewe, kama wangeulizwa, wangetaka kwanza kuona cheti chake. Mvua ikamfukuza hadi nyumbani kwa mjane mmoja, Mama Benedeta, na humo akamwona kuku mzima wa afya amekaa juu ya utajiri.

Utajiri wenyewe ulikuwa kiwambo cha kukunja, kirefu kumpita mtu, cha mbao ya mahogani iliyoiva rangi kama chai kavu. Vipande vinne viliungwa kwa bawaba, na kila kona ilipambwa kwa majani na nyuso za malaika za shaba iliyopakwa dhahabu. Benedeta alikitumia kutenga kitanda na jiko.

Kevo aliwahi kubeba samani za mnada Nairobi, na alijua kutofautisha kitu cha Ufaransa na cha soko la Gikomba. Akakipiga picha kwa siri, akamtumia Winfred, mwenye hoteli kule Tororo aliyependa kila kitu cha kale kutoka Ulaya isipokuwa mapadri. Jibu lilifika kabla mvua haijakatika: lete, na usimwonyeshe mtu mwingine.

"Mama, hiki kinakubania nyumba tu," Kevo akasema kwa huruma. "Nikupunguzie mzigo?"

"Hii haiuzwi, mtoto yangu. Mzee yangu Mangeni alipikia Mfaransa huko Tororo. Mfaransa akirudi kwao, akamwachia. Mzee akasema hii ni ya watoto wake."

"Na watoto wako wapi?"

"Mimi Mungu hakunipa." Akayatazama masikio ya Kevo kwa muda mrefu. "Lakini Mangeni alitembea sana upande ya Kenya. Nani anajua?"

Mtu mwaminifu angelisikia neno hilo likapita. Kevo hakuwa na ulemavu huo.

Wiki iliyofuata alirudi na suti nyeusi, analia. Mama yake, alieleza, alilitaja jina la Mangeni akiwa anakata roho. (Saa hiyo mama yake alikuwa soko la Busia, anauza omena na kugombana na wateja.) Benedeta alilia kumshinda. Akaitwa ndugu wa marehemu, Mzee Mugeni, ambaye alilia kidogo na kuuliza mengi.

"Karibu nyumbani," Mugeni akasema mwishowe. "Lakini mila ni hii. Mtoto anayekuja baba akishazikwa hagusi kitu ya baba mpaka ajengee kaburi, na alete ng'ombe ya kulisha ukoo."

"Mila ni mila, baba mdogo," alijibu Kevo, ambaye hajawahi kuifuata hata moja.

Akauza pikipiki yake. Ndiyo iliyomlisha siku ambazo uongo haukupata wateja, na aliipenda kuliko watu wengi. Ikageuka saruji, vigae na fahali. Kiwambo kingemrudishia pikipiki kumi.

Siku ya kumbukumbu ya marehemu lilisimamishwa hema, kwaya ikaimba, fahali akaingia sufuriani. Kevo aliona nyumba ya Benedeta ina mabati mapya na tanki la maji linalometameta, akafurahi kupata ukoo wenye uwezo. Mugeni akashika kipaza sauti.

"Wana wa Mangeni wasimame."

Wana? Kevo alisimama. Mbele yake akasimama Sydney wa Malaba, yule anayeuza simu zenye udongo ndani. Nyuma yake akasimama Osborn, aliyewahi kumuuzia Kevo kiwanja kilichokuwa barabara.

"Kaka," Sydney akanong'ona, "wewe umeambiwa mila ni nini?"

"Kaburi na ng'ombe."

"Mimi niliambiwa mila ni mabati. Osborn, tanki."

"Na kiwambo?"

"Sikiliza."

"Vipande ni vinne," Mugeni alikuwa anasema, "na kila kipande ni ya mtoto mmoja. Wamefika watatu. Hatuwezi kugawa urithi na mmoja bado yuko nje. Tutamngoja."

"Amina," ukoo ukaitikia, midomo ikiwa na mafuta.

Kevo alifungua kinywa awaambie watu kwamba hawa wawili ni matapeli. Kisha akafikiria wangemuuliza amejuaje. Akakifunga.

Jioni Benedeta alimfungia nyama kwenye jani la mgomba. "Miaka yote hapa waliniita tasa," alisema taratibu. "Leo vijana watatu wamesimama mbele ya watu, wakaniita mama." Machozi yake yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo Kevo alipojua amepigwa vibaya: hata kumchukia alishindwa.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?" Akamfukuza kuku juu ya kiwambo na kumfuta malaika mmoja uso kwa ncha ya gauni lake la gomesi. "Sasa utafika saa ngapi Busia, na unakwenda na miguu? Haya, salama. Na Krismasi usikose, mtoto yangu. Choo bado."