Kadi Iliyomnyamazisha Mjukuu

Jumatano, 12 Juni
Siku njema kabisa! Nimenunua kadi ya waifai ya mtumba, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili inase intaneti bila waya. Jumapili mama mkwe atamwona kwa mara ya kwanza mjukuu aliyezaliwa na binti yake mdogo, huko mbali, kwenye kompyuta yangu hapa sebuleni. Nimeahidi mbele ya watu. Shemeji, kaka wa mke wangu, anayekaa chumba cha uani na ndiye mwenye intaneti, alijitolea kuvuta waya kupitia dirishani. Nikamshukuru, nikakataa. Waya! Nifungwe kwake kama mbuzi?

Alhamisi, 13 Juni
Nimefungua kompyuta. Vumbi tupu. Nimechomeka kadi kando ya kadi ya sauti, nafasi iliyo karibu na mkono. Zimebaki skrubu mbili; bila shaka zilikuwa za ziada. Nikawasha. Intaneti hiyo! Nikaita nyumba nzima. Mke wangu akaomba wimbo. Kimya. Sauti imekufa, na kwenye kioo, penye jina la kadi yake, kuna alama ya mshangao ya manjano. Nikachomoa kadi: sauti ikarudi, intaneti ikaenda zake. Hata hivyo nashukuru, kila kimoja ni kizima. Kukaa pamoja tu ndiko kunakowashinda.

Ijumaa, 14 Juni
Shemeji kachungulia bila kuitwa. Eti kadi hizo mbili zinagombania njia moja, niihamishie ya waifai nafasi ya chini kabisa. Nikamwambia kadi si wake wenza. Akaondoka, akaacha waya wake umekunjwa mlangoni. Kiburi hicho! Nimezima na kuwasha mpaka kidole kimeingia ganzi. Nimeipangusa kadi kwa kitambaa cha kichwa cha mke wangu. Hakufurahi.

Jumamosi, 15 Juni
Mama mkwe amesuka nywele na kuazima hereni. Akauliza kama mtoto naye atamwona. Nikasema atakuona, mama, na mtasikilizana vizuri. Kisha nikatoka nje. Kusema kweli, naogopa. Mama huyu hajawahi kunivunjia heshima, hata siku ile nilipoitengeneza pasi yake ikaungua.

Jumapili, 16 Juni
Picha imetokea, safi kabisa! Binti huyo, mtoto huyo! Lakini mtoto amepanua kinywa analia, nasi hatusikii hata chembe. Mama mkwe akagusa kioo, akauliza kwa sauti ya chini mbona mjukuu wake bubu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mke wangu akachukua kisimu chake cha vitufe, akampigia mdogo wake, akambandika mama sikioni. Sauti huku, picha kule, na picha inachelewa. Mama akaanza kumbembeleza mtoto. Akatangaza kuwa kanyamaza, na sisi kwenye kioo tunamwona bado anapiga kelele! Ndipo kinywa chake nacho kikafumbika. Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Mama akanishika mkono, akasema asante, baba, umenipa mjukuu vipande vipande, lakini nimempata mzima. Nililia mbele ya shemeji, naye alikuja kumwona mtoto. Haidhuru.

Jumatatu, 17 Juni
Sauti na intaneti, pamoja! Nilidhani mashine imeniogopa. Mke wangu kasema hapana, shemeji aliingia asubuhi nikiwa bado nakoroma, akaihamishia kadi chini, akarudisha na zile skrubu. Wala hakujigamba kwa mtu. Nimeguswa sana. Nilimdhania vibaya, na mtu kama huyu hashukuriwi kwa maneno matupu.

Na maskini, kompyuta yake ya kazi bado inatumia waya! Nimerudi mbio kwa muuzaji. Bahati iliyoje, alikuwa na kadi nyingine ya aina ile ile. Kesho shemeji hashindi nyumbani, na ufunguo wake najua anakouweka. Nitamchomekea kando ya kadi ya sauti, nafasi iliyo karibu na mkono. Sitamwambia kitu. Akiwasha tu, atajua mwenyewe ni nani.