Kiota cha Korongo na Jazi ya Wamanushi

Jumatatu, 3 Juni

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba muziki unajieleza wenyewe. Haujielezi. Mtu anasikiliza, anatikisa mguu, anarudi nyumbani bila kujua alichosikia. Nimefundisha shule ya msingi ya kijiji hiki mpaka nikastaafu, na hili nalijua: kisichoelezwa hakichangiwi.

Na mchango tunauhitaji. Korongo wamejenga kiota juu ya chekechea yetu. Kila mwaka wanaongeza vijiti. Sasa kiota kina uzito wa ng'ombe na paa limebonyea. Kumfukuza korongo hapa Alzasi, mashariki mwa Ufaransa? Afadhali umfukuze padri. Meya amesema wazi: paa lisipotengenezwa kabla ya shule kufunguliwa Septemba, darasa litafungwa, na watoto watapakiwa kwenye basi kila asubuhi kwenda kijiji cha ng'ambo ya mto. Watoto wa miaka mitatu! Wengine bado wananyonya vidole.

Odile, mwalimu wa chekechea (nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe), ana wazo zuri. Jioni mbili za jazi ya Kimanushi uani kwa shule, Jumamosi hii na ijayo. Kiingilio hakuna, kofia itapitishwa. Watakaopiga ni Tsani Hoffner na binamu zake, Wamanushi wa hapa hapa, yaani Wajipsi wa Ufaransa, wanaokaa nyuma ya kiwanda cha zamani cha matofali. Binti yake Tsani, Marceline, yumo katika darasa hilo hilo.

Kinachokosekana ni mtu wa kueleza. Nimejitolea. Odile akasema asante Mwalimu, tutaona. Nimelihesabu kuwa ni ndiyo.

Jumatano, 5 Juni

Maelezo yamekamilika. Sehemu ya kwanza: kwa nini hakuna ngoma. Gitaa moja linaimba, mengine yanashika mwendo. Mkono wa kulia unachapa nyuzi na kuzikatisha papo hapo, kama mtu anayekatakata vitunguu. Sehemu ya pili: hawasomi noti, sikio linawatosha. Sehemu ya tatu ndiyo moyo wa yote: marehemu Feno, mjomba wake Tsani, aliyefariki majira ya baridi yaliyopita. Zamani, nikisinzia bustanini wakati wa alasiri, gitaa lake lilikuwa linavuka ukuta na kuingia ndotoni mwangu. Nilikuwa naamka na bado naendelea kuota. Nitamtaja kwa jina. Nitaomba ule wimbo wake wa taratibu, wa kuchezwa wawili wawili. Watu watalia. Na mtu anayelia hakosi kutia kitu kwenye kofia.

Kizuizi kimoja: Firmin. Mkuu wa wazimamoto wa kujitolea. Huoka mkate mwembamba wa malai na vitunguu katika kila sherehe, basi hujiona ndiye mwenye sherehe. Anataka kufungua jioni kwa bahati nasibu ya paja la nguruwe. Nikamwambia hili ni jambo la utamaduni. Akaniambia, mzee wangu, hata utamaduni unasikia njaa.

Mke wangu Mathilde ameuliza kama nimewauliza akina Hoffner kuhusu mjomba wao. Nikamweleza kwamba jambo la kuwashtukiza watu haliulizwi. Amerudi kwenye maharage yake.

Jumapili, 9 Juni

Sina hamu hata ya kahawa.

Jana ilianza kama kitu cha kuota. Jua lilikuwa limeinamia mizabibu na halikutaka kuondoka. Mabenchi ya watoto yalijaa watu wazima, magoti yakigusa videvu. Tsani alianza bila hata kutazama nyuzi, na sauti ikapanda polepole, ikapita matawi ya mcheri, ikafika kwa korongo juu ya paa. Korongo akasimama kwa mguu mmoja. Mzee wa duka la mikate alifumba macho. Nilihisi ua wote umenyanyuka kidogo kutoka ardhini na unaelea, taratibu, kuelekea mtoni.

Wakati mzuri wa kueleza.

Wimbo ulipoisha Firmin alikuwa na unga hadi viwiko. Nikawahi kipaza sauti. Vitunguu viliwachekesha. Sikio liliwagusa. Kisha nikamtaja Feno, jina lake lote, na kuomba wimbo wake.

Hakuna aliyefoka. Afadhali wangefoka. Tsani aliweka kiganja juu ya nyuzi. Shangazi Rupa, mkubwa wa ukoo, alisimama kwanza, akajifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa. Magitaa yakalazwa ndani ya masanduku yake kwa upole, kama watoto waliopitiwa na usingizi. Wakaondoka wote kupitia geti dogo. Marceline alitupungia mkono. Watu wakabaki na mikate midomoni. Kofia haikupitishwa.

Firmin akanipiga begani: hongera Mwalimu, umewaeleza mpaka wameondoka.

Odile, macho mekundu, ndiye aliyenifahamisha. Kwao marehemu hatajwi jina mbele ya watu wake, wala mgeni haombi wimbo wake. Wataupiga wenyewe siku watakayoona inafaa, na hawatasema ni wa nani. Ndivyo wanavyomtunza. Nilishangaa. Nimekaa jirani yao maisha yangu yote! Hakuna aliyewahi kuniambia. Mathilde anasema waliniambia mara nyingi, ila nilikuwa naongea.

Sitaliandika tena jina lake humu. La Feno, namaanisha.

Jumanne, 11 Juni

Mpango wa kuomba radhi. Bora kuliko ule wa kwanza.

Nilikuwa na picha nzuri ya marehemu, amekaa na gitaa lake kwenye sikukuu ya cheri. Nikaitia fremu. Nikaifunga utepe. Nikaenda nyuma ya kiwanda cha matofali nimevaa koti la harusi.

Shangazi Rupa alifungua utepe, akaona, akavua aproni yake na kuifunika picha haraka, kama mtu anayezima moto wa kikaangio. Binamu mmoja akatoka nje. Mwingine akaanza kukagua dari. Nilipofungua mdomo nieleze nia yangu, Shangazi akanionyesha kiti. Mwalimu, kaa. Kunywa kahawa. Mdomo uupe likizo.

Nikanywa. Akasema, wewe ni mtu mwema, ila mdomo wako unatangulia, mwili unafika baadaye. Tsani kwa upande wake alisema kwa heshima kwamba hawezi kukaa tena mbele ya watu wale, labda nimtafute mpiga kodiani.

Kisha Marceline, aliyekuwa anachora chini ya meza, akauliza kama korongo naye atapanda basi. Kwa sababu Odile kasema labda watapanda basi. Na kama hapandi, nani atabaki naye?

Kupitia dirisha niliona nguo zao zinapepea kwenye kamba, nyekundu na bluu, polepole mno, kana kwamba upepo wenyewe ulikuwa unasubiri. Tsani alimtazama binti yake muda mrefu.

Shangazi ndiye aliyeamua. Watakuja Jumamosi, kwa ajili ya watoto. Sharti moja: Mwalimu asisogelee kipaza sauti. Asisimame mbele. Aoshe glasi jikoni. Nikauliza kama naweza angalau kuwakaribisha wageni kwa maneno mawili. Akasema, glasi, baba. Glasi.

Picha nimerudi nayo, ikiwa bado imefunikwa aproni. Mathilde ameifua aproni na kuirudisha. Picha kaiweka mahali nisipopajua.

Ijumaa, 14 Juni

Ahadi ni ahadi: sitasema neno. Lakini maandishi si maneno ya mdomoni. Nimetoa nakala za maelezo yangu yote (bila sehemu ya tatu, mimi si mjinga) ili niziweke chini ya kila sahani. Nikazificha kwenye banda la kuni la shule.

Jioni. Firmin alikuwa akijaribu tanuri yake. Anasema karatasi zangu zimewaka vizuri sana, kavu kabisa. Nilimuuliza kwa nini hakusoma kwanza. Akasema alisoma ukurasa mmoja, akasinzia, ndipo akagundua matumizi yake.

Jumapili, 16 Juni

Nilikaa jikoni mwa chekechea. Sinki ni la watoto, linanifikia magotini. Niliosha nimeinama, kwenye dirisha dogo, na povu likipanda na kushika rangi za jua la jioni.

Walipiga. Sijui nieleze vipi, na hilo kwangu ni jambo geni. Magitaa ya mwendo yalikwenda kama gari moshi linalopita mbali, na gitaa la Tsani likakaa juu yake kama abiria anayetazama mashamba. Watu waliendelea kuja. Walikaa kwenye ukuta, kwenye bembea, ndani ya kisanduku cha mchanga. Akina mama walicheza na watoto waliolala mabegani.

Kisha Tsani akakaza uzi mmoja wa gitaa. Hakutangaza chochote. Akaanza wimbo wa taratibu, na mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Niliujua kutoka usingizi wangu wote wa alasiri. Shangazi Rupa alikuwa anatazama juu, kwenye kiota, si kwa mtu yeyote. Hakuna jina lililotajwa. Lakini marehemu alikuwepo uani, naapa, amekaa miongoni mwetu.

Nikatoka mbio na glasi mkononi, lazima mtu awaambie watu huu ni wimbo wa nani! Nilifika mlangoni. Firmin alinitia mkate wa moto mdomoni, wote, na kunishika mabega mpaka wimbo ukaisha. Ulimi umeungua. Nililia. Yeye pia alikuwa analia, mjinga yule.

Kofia ilijaa. Wakapitisha ya pili, na baadaye ndoo ya wazimamoto.

Jumatano, 19 Juni

Imethibitishwa! Meya amekuja na fundi. Paa litatengenezwa Agosti, makinda ya korongo yakisharuka, na kiota kitarudishwa juu ya chuma imara. Darasa linabaki. Odile alimkumbatia Shangazi Rupa barabarani. Marceline ameambiwa hakuna basi; ametaka korongo naye aambiwe, kwa hiyo tukasimama wote chini ya paa tukamwambia.

Nimetafakari mafanikio haya kwa utulivu. Jumamosi ya kwanza nilisema, tukashindwa. Ya pili nilinyamaza, tukafaulu. Ni wazi kwamba ukimya wangu ndio ulioleta yote. Ukimya wa hali ya juu, wa mtu aliyesoma. Na nina hakika nusu ya watu waliokuwa pale hawakuuelewa.

Tsani amekubali kupiga tena wakati wa mavuno ya zabibu. Watu hawawezi kuachwa gizani mara ya pili.

Leo, kabla ya chakula cha mchana: anza kuandika hotuba kuhusu kunyamaza.