Kuhusu Speciosa Kukataa Pombe ya Upatanisho

Gitaza, kando ya barabara ya ziwa

Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa viungo vyote.

Mimi, mwalimu mstaafu na mkuu wa wazee wa kilima, nakuomba kwa heshima uifute kesi ya jinai iliyofunguliwa dhidi ya dereva Bienfait. Gari lake la samaki liliacha lami, likamkanyaga Bi Speciosa alipokuwa akianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, na mguu wake ukavunjika. Hayo hayana ubishi. Malalamiko yangu ni dhidi ya Speciosa.

1. Bienfait alileta mtungi wa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, akapiga magoti. Kwa desturi yetu, aliyeumizwa akinywa, neno limekwisha. Speciosa amekataa kunywa. Anataka dereva afungwe, kana kwamba mguu ni wake peke yake.

2. Pombe ya ndizi haingoji mtu apone. Kwa hiyo sisi wazee tuliinywa kwa niaba yake, hadi mashapo. Mguu huo umekwisha kusamehewa.

3. Speciosa anasema kwamba aliyekunywa ndiye aliyesamehe, na yeye koo lake bado kavu. Maneno hayo aliyasema mbele ya wakwe zangu.

4. Tukiwafunga madereva kwa ajili ya miguu ya watu, ni nani atakayepeleka ndagala sokoni? Speciosa mwenyewe hawezi hata kusimama. Kwa bahati njema Bienfait bado anaendesha, akingoja uamuzi wako.

5. Naomba basi iwekwe sheria kwamba kila anayeketi kando ya barabara awe amesamehe tangu alfajiri, kabla magari hayajaanza kupita. Mitungi iletwe mapema. Wazee tuko tayari.

Wasalimie makarani wako, askari wa barabarani, na watu wote wa nyumbani kwako.

Wako katika kuheshimu sheria,
Mwalimu Yonasi

Baada ya sahihi: Nilipokuwa nikivuka barabara kuituma barua hii, Bienfait alirudisha gari nyuma bila kutazama. Nyonga yangu imevunjika. Zahanati yetu ina chumba kimoja, nami nimelazwa kando ya Speciosa. Mtungi umeletwa. Nimekataa kunywa, nataka afungwe. Lakini nawasikia wazee wenzangu uani, wananywa kwa niaba yangu, na Speciosa ameniuliza, "Muzee, iko tamu?"

Nakusihi, Mheshimiwa, fanya haraka. Wamekaribia mashapo.