Ombi la Kuthibitishiwa kwa Muhuri Kwamba Sina Kipaji

Kaagya, Bukoba Vijijini

Ndugu Mhariri wa jarida la Wino Mpya,

Pokea salamu za msomaji wako ambaye hajawahi kuchapishwa popote, hata tangazo la mbuzi aliyepotea. Kwa unyenyekevu, nalalamikia safu yako ya kuwatia moyo waandishi chipukizi. Moyo umenitia mpaka umemwagika.

1. Ulishauri tuandike kila asubuhi. Nikatii. Wenzangu wakiwa kwenye migomba yao wanakata majani makavu, mimi niko mezani nafuta sentensi ya jana. Magugu yamefika kiunoni, na kwetu Uhayani mwanamume hupimwa kwa kibanja chake, shamba lake la migomba. Nimeshapimwa.

2. Ulishauri mtu aandike anachokijua. Mimi najua migomba. Riwaya yangu ikaanza na sura tatu za migomba. Mke wangu Klaudia alisikiliza kwa uvumilivu wa ndoa ya Kikatoliki, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote atatokea.

3. Hili ndilo kubwa. Ulishauri tuwasomee watu wa nyumbani kwa sauti. Nikamsomea mama yangu, Ma Alistidia, sura ambayo mzee Alexander anazama ziwani. Mama akalia. Jumapili, padri akisoma nia za misa, nikasikia tunaiombea roho ya marehemu Alexander. Mama alikuwa amemwandikisha bila kuniambia, maana kwake marehemu ni marehemu. Mchana majirani wakaja kuhani, na mikungu ya ndizi kichwani. Mmoja akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikasema mimi ndiye niliyemuua.

4. Ubaya ni kwamba katika sura ya nane mzee huyo anarudi mzima, kumbe aliokolewa na wavuvi. Nitamrudishaje? Ameshaombewa, ndizi zimeshaliwa, na hakuna atakayekubali arudi. Nadhani mimi ndiye mwandishi wa kwanza kukataliwa na parokia nzima kabla ya kukataliwa na mchapishaji.

5. Kila nikifanikiwa kukata tamaa, toleo jipya linafika na kuniambia nisikate tamaa. Huo ni uchokozi.

Kwa hiyo naomba barua rasmi, yenye muhuri, ikieleza kwamba Datius Rutaihwa hana kipaji. Sitanii. Nimechoka, naona aibu kupita njiani, na nikiambiwa na mtu mwenye ofisi nitarudi shambani kwa amani.

Wasalimie wote hapo, hasa yule anayefungua bahasha na kutukuta humo. Klaudia anakusalimu, ingawa si kwa moyo wote.

Wako mtiifu kupita kiasi,
Datius Rutaihwa

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, Mama akaja kuuliza yule mjane wa Alexander, Celina, ataishije sasa na watoto wale. Nimemjibu sijui, sijaandika bado. Ametandika mkeka, amekaa, anasubiri. Tafadhali usijibu barua hii. Niko kazini.