Injinia Ayiko Ahamisha Duka la Hajati Zam

Injinia Ayiko hakuwa injinia wa kitu chochote chini ya jua, na jambo hilo halikuwahi kumkosesha usingizi. Alikuwa na laptopu iliyokufa betri, miwani ya kioo kitupu, na pikipiki nyekundu aliyoipenda kuliko ndugu zake. Kwa vitu hivyo vitatu aliula mji wa Arua asubuhi, mchana na jioni, bila kunawa.

Siku hiyo alikuwa ameegemea meza ya duka la fotokopi, akisubiri riziki ipite, ndipo akamsikia Hajati Zam. Mama huyu Mnubi wa Koboko anauza tabaga, zile sinia za kusuka za rangi rangi za kufunikia chakula cha harusi, na wateja wa Juba na Bombo huagiza kwake kwa tovuti. Alikuwa akimfokea mpwa wake Shamim, kana kwamba maskini Shamim ndiye aliyeuvumbua mtandao.

"Hii websaiti itaniua! Kila wiki iko na shida. Leo inataka kusasishwa, kesho imejifunga. Na ile mutu ya Kampala aliyetengeneza, simu hashiki. Mimi nataka kitu kidogo! Picha, namba ya simu, basi."

Ayiko akavaa miwani. "Asalaam aleikum, Hajati," akasema, yeye aliyebatizwa mara mbili ili apate fulana mbili. "Injinia Ayiko, mambo ya mitandao. Nimesikia kilio chako. Hajati, wewe unalala chumba kimoja, kwa nini unafagia ghorofa? Nitakuhamishia duka lako mahali padogo, pepesi, pasipo matengenezo."

"Na maagizo?" Hajati akauliza. "Iko mengi ndani, na ile bei yake..."

"Maagizo, bei, jina, vyote niachie mimi! Wewe suka tu, mama yangu."

Hajati akamtazama kuanzia miwani mpaka viatu. Halafu akanyamaza, jambo ambalo Koboko nzima ingelitolea sadaka. Ayiko, maskini, akadhani amemmaliza kwa maneno.

Mpango wake, kwa wasioujua ufundi huu mtukufu, ulikuwa rahisi. Wateja wanaijua ile anwani ya tovuti kwa moyo. Hilo ndilo jina la Hajati mjini. Ayiko angeiandikisha kwa jina lake mwenyewe, aishikilie mwezi mmoja, kisha mama wa watu aje kulia na kuinunua upya kwa bei ya kukamuliwa. Kuhamisha hasa hakukujua, wala hakukusudia kujifunza.

Shida ilikuwa polisi. Ili asiitwe mwizi alitaka karatasi yenye muhuri, maana huku kwetu hata mbuzi hauzwi bila mapatano mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Akapanda pikipiki mpaka Koboko akiwa amejiandaa kubishana siku mbili. Wapi! Hajati mwenyewe ndiye aliyemsomea mwenyekiti huyo, mzee Lako, maneno ya kuandika.

"Andika: duka la mtandaoni, jina lake, na vyote viko ndani, kuanzia leo ni ya Ayiko."

"Vyote?" Mwenyekiti akauliza.

"Vyote!" Ayiko akadakia, mate yakimjaa mdomoni.

"Andika na kijiji yake," Hajati akaongeza kwa upole. "Na jina ya mama yake. Tusichanganye na Ayiko mwingine."

Muhuri ukagonga, pa! Ayiko akarudi Arua akiimba njia nzima. Akaiandikisha anwani ile kwa jina lake na namba yake ya simu, akakaa kusubiri kilio cha Hajati. Wiki ikapita, kimya. Ya pili ikapita. Ya tatu, asubuhi, simu ikalia kweli, ila aliyepiga ni mama yake kutoka kijijini kwao Dadamu.

"Ayiko, wewe umeoa watu wangapi? Hapa iko wanawake kumi na wawili. Wamekalia mikeka yangu, muhogo wamemaliza, wanasema hawaondoki."

Alifika mbio. Katikati ya ua alikaa Asiya, shangazi wa bibi harusi mmoja wa Koboko, na mkononi ana fotokopi ya mapatano.

"Ni wewe Ayiko wa websaiti? Tuliagiza tabaga arobaini. Harusi ni Jumamosi. Iko wapi?"

"Mama zangu, nendeni kwa Hajati Zam!"

"Hajati alikupa duka na vyote viko ndani. Sisi tuko ndani. Muhuri huu hapa. Na bei ni ile ile imeandikwa kwa websaiti, usiongeze hata shilingi. Wakwe wakija wakikuta chakula yetu iko wazi, jina yako na ya mama yako itafika Juba kabla ya jua kutua."

"Si ulisema wewe ni injinia?" mama yake aliuliza tu, mbele ya wanawake wote wale. Ayiko aliona haya, haya ya kweli, ya kumchoma masikio, na hakuwa ameizoea hata kidogo.

Akakimbilia Koboko. Ua wa Hajati ulijaa tabaga mpaka mlangoni, nyekundu kwa kijani kwa manjano.

"Karibu, bosi," Hajati akasema. Akamtajia bei ya zile arobaini. Ayiko akashika ukuta.

"Lakini kwenye tovuti ni nusu ya hiyo!"

"Eee. Hiyo bei ni ya zamani, kabla nyuzi kupanda. Miaka miwili namwomba mutu ya Kampala abadilishe, hataki, na websaiti inazidi kuchukua maagizo tu. Kila tabaga nauza kwa hasara, na kukataa siwezi, jina yangu itaharibika. Siku ile pale Arua nilianza kukuambia. Wewe ukasema, niachie mimi. Nikasema moyoni, huyu kijana Mungu amemleta."

"Basi chukua duka lako! Bure! Nitakuongezea na laptopu!"

"Ya nini? Shamim alinitengenezea ukurasa mdogo kwa simu, jioni moja tu. Picha, namba, basi. Wateja wote nimewapa anwani yake." Akamimina chai taratibu. "Wanaolia kwamba bei yangu ni kali, nawapa fotokopi ya karatasi yako, nawaambia waende kwako."

Siku hiyo hiyo pikipiki nyekundu iliuzwa kwa bei ya machozi. Tabaga arobaini zikaenda kwa Asiya, kwa nusu ya bei, na harusi ilifana sana. Jioni ile ile ya kuuza pikipiki, Ayiko alikuwa akirudi nyumbani juu ya gunia la viazi, kwenye lori la watu. Hata Arua hajaiona, simu ikalia.

"Ayiko, mwanangu, fanya haraka. Wale wameondoka, lakini wengine wameingia sasa hivi kutoka Yei na fotokopi zao, wako ishirini. Hawa tuwapikie nini?"