Usiioshe Hiyo Chupa

Lenzi alipomwona mwenye bucha akiizungusha chupa tupu kwenye mwanga wa jua, alijua riziki imejileta yenyewe. Mtu mwenye shughuli zake haiangalii chupa tupu namna ile. Anayeiangalia namna ile ameshaanza kuipigia hesabu kichwani, na Lenzi, kwa huruma aliyojaliwa, hakuweza kumwacha binadamu mwenzake apige hesabu peke yake.

Walikuwa kwenye gulio la mitumba, pale wanapouza vitasa visivyo na funguo na, meza ya pili, funguo zisizo na vitasa.

"Umeisoma, mzee?" Lenzi akauliza.

"Nisome nini? Haina hata karatasi."

Lenzi akaitoa ile lenzi iliyompa jina, iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. "Tazama mshono huu ubavuni. Unapanda, unapanda, mpaka juu mdomoni. Basi hii, mashine imeitema juzi tu, irudishe mezani. Chupa ya zamani mshono wake unaishia hapa, chini ya shingo, kwa sababu mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Mkono wa mtu, mzee! Mtu ambaye hata wajukuu zake wameshazeeka."

"Na hizo za zamani... zina bei?"

"Shh!" Lenzi akaangalia kushoto na kulia. "Bei yake haisemwi gulioni."

Sasa, tusimwonee mtu. Hayo aliyosema kuhusu mshono yalikuwa kweli tupu. Lenzi aliheshimu ukweli, na aliutumia kama mpishi anavyotumia chumvi. Uongo ulikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi yake, ambako alinunua chupa tupu kwa kilo, akaisugua mishono ya shingoni kwa tupa na msasa, kisha akazizika kwenye jivu na takataka mbichi wiki mbili nzima. Zilitoka huko zimechoka, zinanuka, zina heshima zao. Tatizo lilikuwa moja: pale aliposugua palibaki mstari wenye ukungu, na chupa ikioshwa, hata mtoto angeuona. Ndiyo maana Lenzi alitunga sheria, akaihubiri kwa kila mteja kwa sauti ya msibani.

"Usiioshe, mzee. Uchafu wa chupa ndio cheti chake cha kuzaliwa. Ukiiosha, umeiua."

Jumatano mwenye bucha akanunua sita. Alikuwa ameshasikia kwamba kuna hoteli inapamba ukumbi wake kwa vitu vya kale, na alipanga kuwauzia mara tatu ya bei aliyonunulia, kwa hiyo tusimlilie sana naye. Lenzi akaitia pesa kwenye bahasha aliyokuwa akiijaza kidogo kidogo kwa miaka minne, akaibusu.

Bahasha ile ilikuwa na kazi maalumu. Barabara kuu palikuwa na fremu ya duka yenye mlango wa kioo, na mwenye fremu alimwambia Lenzi alete kodi ya mwaka mzima ifikapo Ijumaa, la sivyo anampa muuza viatu; na bahasha ilikuwa bado haijatosha. Lenzi alikuwa na miaka arobaini na mbili, analala sebuleni kwa shangazi kwenye kochi lililomwishia magotini, chini ya paa linalovuja. Kila tone la mvua lilipomwangukia usoni aliuona ule mlango wa kioo, na yeye nyuma yake, ameketi, watu wanamwita mtaalamu. Aliutaka mlango ule mpaka kifua kikamuuma.

Alhamisi asubuhi shangazi alikuwa jikoni anakaanga, Lenzi amejinyoosha anasubiri kuletewa. Mwenye bucha akabisha hodi na kilo ya nyama mkononi.

"Nimekuja kushukuru, mtaalamu. Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu."

Jamaa akaingia mpaka mlango wa jikoni, akasimama ghafla. Kando ya jiko palikuwa na chupa ya mafuta ya kula, nyeusi kwa masizi.

"Shangazi, hiyo chupa ni ya nani?"

"Hii? Ya marehemu baba yangu."

Mwenye bucha akainama, akapitisha kidole ubavuni mwa chupa, kuelekea shingoni. Kidole kikasimama. Akameza mate. "Niuzie. Nakupa mara mbili ya pesa nilizotoa jana kwa zote sita."

"Hapana, baba. Haitoki nje ya ukoo."

Wakavutana mpaka chakula kikaanza kuungua. Mwishowe mwenye bucha akamvuta Lenzi nje. "Zungumza naye wewe, ni damu yake. Ukiniletea ile chupa leo, mara tatu. Niko dukani."

Lenzi akarudi jikoni. Akaweka lenzi jichoni. Mshono ulipanda, ukafika chini ya shingo, ukaisha. Lo! Miaka yote hii anazika chupa uani, na ya kweli iko jikoni inatiwa mafuta ya kula!

"Shangazi," akasema kwa sauti ya asali, "hii chupa mbovu nipe mimi, nitakununulia jagi zuri la plastiki."

"Mbovu, na mtu anaitolea macho hivyo? Baba aliniambia, ikitoka mikononi mwangu, itengeneze paa. Nawe una bahasha chini ya kochi, mwanangu. Nafagia humo kila siku."

Lenzi alilia, aliapa, alitaja udugu. Shangazi aligeuza maandazi. Lenzi akawaza mara tatu ile, ambayo ingeirudisha bahasha na kumalizia kodi, akawaza mlango wa kioo, akaileta bahasha yote.

"Haya," shangazi akasema, akayamimina mafuta kwenye sufuria. "Ngoja basi niioshe, nisikupe na masizi."

"Usiioshe!"

Alipiga kelele mpaka paka akaruka dirishani.

"Maji ya moto haya hapa, mwanangu, ni dakika moja tu."

"Shangazi, nakuomba! Ukiiosha umeiua!"

"Kama wewe ndiye unayesema," shangazi akasema, akamkabidhi.

Alifika bucha anahema. Mwenye bucha alikuwa anafuta kisu. Nyuma yake, kwenye rafu, chupa sita zimepangwa, safi, zinang'aa, kila moja na mstari wake wa ukungu shingoni.



"Mke wangu ana tabia moja," mwenye bucha akasema. "Anaosha kila kinachoingia nyumbani. Jana jioni alikwenda na hizi kwa shangazi yako, analia. Walilia wote wawili, halafu wakaanza kucheka, halafu wakaniita." Akaichukua ya saba mkononi mwa Lenzi, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto, akaisugua mara mbili kwa brashi.

Masizi yakaelea. Mstari wa ukungu ukajitokeza. Na begani mwa chupa palikuwa na mkwaruzo uliopinda ambao Lenzi aliujua vizuri, kwa sababu wiki tatu zilizopita tupa ilimteleza pale pale, akalaani, akaitupa chupa jalalani.

"Pesa yangu shangazi yako atanirudishia jioni," mwenye bucha akasema. "Iliyobaki, anajua mwenyewe. Nikupimie nyama?"

Lenzi alirudi nyumbani alasiri akiburuta miguu. Mafundi wawili walikuwa juu ya paa wanagonga mabati mapya.

"Shangazi, umeniibia."

"Nimekuibia nini? Si nilitaka kuiosha? Mungu shahidi, maji yalikuwa tayari."

Machozi yalimlengalenga Lenzi. Lakini kilichomkereketa zaidi kilikuwa kingine, na hakuweza kukizuia. "Yale masizi uliyapataje? Mimi nazika wiki mbili, uchafu haukai vizuri vile."

"Niliiokota jalalani, nikaitilia mafuta. Imekaa kando ya jiko wiki tatu, mbele ya macho yako." Shangazi akamwekea mbele beseni la sahani, kaango na vikombe. "Ungeosha vyombo hata siku moja humu ndani, ungeitambua. Haya, kunja mikono ya shati. Anza na hilo kaango."